Figo za wazee wetu zaumia sahanini kabla ya kufika hospitali

Ami yangu alifanya kazi bandarini zaidi ya miaka 30, akastaafu akiwa na mgongo mzima na meno yake yote. Nyumba yake iko Kongowea, hatua chache kutoka sokoni, na kila asubuhi baada ya swala ya alfajiri alikuwa akitoka kwenda kunywa chai na mahamri barazani pamoja na wenzake. Mwaka huu ametimiza miaka 71. Sasa kila Jumanne na Ijumaa twampakia kwenye tuktuk, twavuka daraja la Nyali, twampeleka kusafishwa damu. Hulala pale kitandani kama saa nne, mashine ikifanya kazi ambayo figo zake ziliifanya miaka sabini bila kelele.

Siku ya kwanza daktari alimwuliza, "Mzee wangu, presha ulianza kuitibu lini?" Ami akajibu kwa utulivu, "Presha ninayo, mwanangu, lakini hainisumbui."

Jawabu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Presha ya Ami haikumsumbua yeye, ilikuwa yasumbua figo zake. Na sisi watoto, wapwa na wakaza wana, ambao ndio tunaopika na kununua chakula cha nyumba ile, tulikuwa twaisaidia presha kila siku bila kujua. Sisemi haya kumlaumu mtu. Nasema kwa sababu najua nyumba nyingi Kisauni, Likoni na Changamwe ziko pale pale tulipokuwa sisi miaka mitano nyuma, na bado zina nafasi.

Tuanze na figo zenyewe. Kila figo ina vichujio vidogo mno, kama milioni moja. Zote mbili huchuja kiasi cha lita 180 kwa siku, kisha hurudisha karibu yote mwilini na kutoa mkojo kidogo tu. Baada ya miaka 40 vichujio hivi huanza kupungua polepole. Hilo ni umri, halina mjadala. Balaa huja pale umri unapokutana na presha ya juu na kisukari, ambayo ndiyo magonjwa mawili yanayoongoza kuharibu figo duniani. Presha huvichakaza vile vijishipa vidogo, na sukari nayo huvitia makovu. Figo haliumi wala halipigi kelele. Mtu aweza kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wa figo zake akawa bado yuatembea kwenda sokoni. Akija kuvimba miguu, kukosa hamu ya kula na kuishiwa pumzi, mara nyingi wakati umeshapita.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 juu ya magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne hapa Kenya ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa presha hata mara moja. Kwa hiyo jawabu la Ami si lake peke yake. Ni la nchi nzima.

Sasa tuangalie sahani. Nitaeleza siku moja ya mzee wa kawaida wa mtaa wetu, na msomaji aniambie nimezidisha wapi. Asubuhi chai ya maziwa, vijiko vitatu vya sukari, na boflo lenye siagi ya chumvi. Saa nne chai ya pili na viazi karai, chumvi na pilipili juu. Mchana wali na mchuzi uliotiwa chumvi, kisha ukatiwa kiungo cha pakiti ambacho nacho ni chumvi tupu kwa wingi, na pembeni achari ya embe. Siku fedha ni chache, samaki wa siku hiyo ni ng'onda au papa mkavu aliyekaushwa kwa chumvi. Alasiri kachri za muhogo au bhajia, na chai ya tatu. Usiku chipsi au mkate na maharagwe yaliyolainishwa kwa magadi ili yaive upesi, na magadi pia yana ile sodiamu ambayo ndiyo kiini cha ubaya wa chumvi.

Hakuna kitu hata kimoja hapo ambacho ni sumu. Tatizo ni mpangilio, kwamba siku nzima hakuna mlo usiokuwa na chumvi nyingi, na hakuna kikombe kisichokuwa na sukari. Vikombe vitatu kwa vijiko vitatu ni vijiko tisa, kama gramu 36. Shirika la Afya Duniani lasema ni bora sukari ya kuongeza isizidi kama gramu 25 kwa siku. Mzee amepita kiwango hicho kwa chai peke yake, kabla hajagusa soda ya mgeni wala kaimati.

Kuhusu chumvi, shirika hilo hilo lasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, nacho kikiwa ni pamoja na chumvi iliyomo ndani ya mkate na vyakula vya kununua. Makadirio yake ni kwamba wastani wa dunia ni karibu gramu 11.

Watu hunambia, "Sisi hatuli chumvi nyingi." Basi nawapa kipimo ambacho hakihitaji daktari. Nunua pakiti ya chumvi ya nusu kilo, andika tarehe juu yake. Ikiwa nyumba ina watu wazima watano na kila mmoja anakula gramu 5, pakiti ile yapaswa kukaa siku 20. Mke wangu aliandika tarehe kwenye yetu, nasi tuko watano. Iliisha siku ya kumi na moja. Na hapo hatujahesabu boflo, achari wala viazi vya njiani.

Kuna wanaosema kwamba chakula cha Kiswahili ndicho kibaya, tuache nazi, tuache pilau, tule kama wazungu. Mimi siafiki. Mchicha wa nazi, mbaazi, kunde, samaki mbichi wa kupaka, ndizi, mapapai na maembe ni chakula chetu tangu zamani, na ni chakula kizuri. Mwaka 1997 huko Marekani yalitolewa matokeo ya jaribio kubwa linalojulikana kwa jina la DASH. Watu wazima 459 waligawanywa, wengine wakapewa mlo wa kawaida wa Kimarekani, wengine mlo wenye mboga na matunda kwa wingi, maziwa yasiyo na mafuta mengi, na nyama nyekundu na vitu vitamu kidogo. Presha ya hao wa mwisho ilishuka ndani ya wiki chache, ingawa chumvi haikupunguzwa. Jaribio lililofuata, mwaka 2001, likaonyesha kwamba chumvi nayo ikipunguzwa, presha hushuka zaidi.

Somo la hapo ni kwamba kinachohesabiwa ni sahani nzima, siku baada ya siku, wala si kitu kimoja cha kupendwa au kuogopwa. Na sahani ile ya DASH, ukiitazama vizuri, kila kilicho ndani yake kiko Kongowea. Lori za mboga na matunda kutoka bara na kutoka Tanzania hushusha mzigo mlangoni petu. Mji mzima wa Mombasa huja kununua kwetu. Jioni, soko likikaribia kufungwa, mafungu ya mchicha na nyanya huuzwa kwa bei ya kuondoa tu. Kisha sisi tunaokaa hapo hapo twapita kando ya mafungu hayo twenda kununua chipsi.

Lakini hapa lazima nitenganishe mambo mawili, kwa sababu hapa ndipo familia yetu ilipokosea, na nahisi si sisi peke yetu. Mzee ambaye figo zake ni nzima na mzee ambaye figo zake zimeshaumia hawali chakula kimoja. Yale tunayomshauri wa kwanza yaweza kumdhuru wa pili.

Ami alipoambiwa figo zimepungua nguvu, kila jamaa alikuja na dawa yake. Shangazi alileta madafu kila siku, kwa sababu sote twajua dafu lasafisha mkojo. Binamu mmoja akaleta tende na ndizi za kumpa nguvu. Mwengine akaja na juisi ya birimbi. Kwa mapenzi kabisa, wallahi. Hakuna aliyejua kwamba figo lililochoka hushindwa kutoa potasiamu, na potasiamu ikizidi kwenye damu yaweza kuvuruga mapigo ya moyo hata kuusimamisha. Dafu, ndizi, tende, viazi na nyanya vyote vina potasiamu nyingi. Kwa mtu mzima wa afya hiyo ni neema, ndiyo inayosaidia kushusha presha. Kwa mgonjwa wa figo aliyefika mbali, ni jambo la kuuliza daktari kwanza. Vivyo hivyo zile chumvi mbadala zinazouzwa madukani kwa jina la chumvi ya afya. Nyingi zimetiwa potasiamu mahali pa sodiamu.

Na birimbi tusiidharau. Kidogo kwenye mchuzi au achari ni jambo jengine, lakini kuikamua ukanywa juisi yake kama dawa ni hatari. Mwaka 2013 madaktari wa jimbo la Kerala, India, ambako nako hupikwa kwa birimbi kama kwetu, walieleza habari za wagonjwa 10 ambao figo zao ziliharibika ghafla baada ya kunywa juisi hiyo. Wengi wao walihitaji mashine kwa muda. Sababu ni asidi iitwayo oksaliki, ambayo hugeuka chembe ngumu na kuziba figo.

Nyama nayo ina pande mbili. Mwenye figo dhaifu huambiwa apunguze protini, kwa sababu mabaki yake huchujwa na figo. Lakini mzee akiisikia nusu ya maneno haya huacha samaki, mayai na maharagwe yote akabaki na chai na boflo. Misuli inaisha, anaanguka, anavunjika nyonga. Kiasi chake hupimwa na mtaalamu wa lishe kwa uzito wa mzee mwenyewe. Jirani hawezi kukupimia, wala mimi siwezi.

Kuna mambo mawili mengine ambayo hayamo sahanini lakini hukaa pembeni yake. La kwanza ni maji. Mzee hapati kiu kama kijana, na joto letu halina huruma. Juu ya hayo, maji ya visima vingi vya upande huu yana chumvi, na siku mfereji ukikauka ndiyo yanayopikia chai na wali. Nyumba yenye mzee yafaa itenge mtungi wa maji matamu kwa kunywa na kupikia, na ikiwa hakuna budi kupikia ya kisima, basi chumvi isitiwe tena.

La pili ni dawa za maumivu. Goti la mzee likiuma, mtoto hutumwa duka la dawa akanunue vidonge vya mia. Diclofenac na ibuprofen zikimezwa kila siku kwa miezi, hasa na mtu wa presha, huumiza figo. Ami alizitumia karibu miaka miwili. Hakuna aliyemwuliza pale dukani kama ana presha, nasi nyumbani hatukuuliza vilevile.

Siwezi kuandika haya bila kugusa Ramadhani. Siku ya Figo Duniani huwa Alhamisi ya pili ya mwezi wa Machi, na kwa miaka mitatu mfululizo, 2024, 2025 na 2026, imeangukia ndani ya mwezi mtukufu. Mwezi ambao ungefaa kuipumzisha miili yetu ndio mwezi ambao meza zetu huwa nzito kuliko zote: kaimati, sambusa, tambi za sukari, viazi vya nazi, na juisi za pakiti. Mzee afungaye mchana kutwa bila maji, kisha akafuturu kwa sukari na chumvi, figo zake zinapigwa pande mbili.

Wazee wetu wengi huona haya kula mchana wa Ramadhani hata wakiwa wagonjwa. Ami alilia alipoambiwa asifunge. Ustadh wa msikiti wa mtaa alikuja kuketi naye, akamweleza kwa upole kwamba ruhusa ya mgonjwa iko ndani ya Suratul Baqara, na kwamba mgonjwa asiyetarajiwa kupona hutoa fidia ya kumlisha maskini kwa kila siku, ambayo katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi ni kibaba cha chakula. "Mzee wangu," alimwambia, "aliyeifaradhisha saumu ndiye aliyekupa ruhusa. Ikubali." Miongozo ya kimataifa ya kisukari na Ramadhani nayo huwaweka wagonjwa wa kusafishwa damu katika kundi la hatari kubwa kabisa. Daktari na ustadh wamesema neno moja. Maimamu wetu wakilitamka hilo mimbarini Ijumaa ya mwisho ya Shaaban, wataokoa watu.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo suala la sahani linapogeuka kuwa suala la siasa. Tangu Oktoba 2024 SHA ilichukua mahali pa NHIF, na kiwango kilichowekwa kwa kikao kimoja cha kusafisha damu ni shilingi 10,650. Vikao viwili kwa wiki ni shilingi 21,300. Kwa mwaka ni zaidi ya milioni moja na laki moja, kwa mzee mmoja. Ni haki yake, na sisemi ipunguzwe hata senti. Lakini nauli ya tuktuk, vipimo vya ziada, dawa za kuongeza damu, na siku mbili za kazi anazopoteza kijana anayemsindikiza, hizo ni juu ya familia.

Linganisha na gharama ya kumgundua mapema. Mashine ya presha, tone la damu la kupima sukari, na ukanda wa kupima protini kwenye mkojo. Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini, wakapewa mikoba yenye mashine ya presha na kipimo cha sukari. Watu hawa wapo mitaani kwetu, na kazi yao ni kuingia nyumba kwa nyumba. Nataka kuiomba serikali ya kaunti mambo matatu. Kwanza, wahudumu hawa walipwe kwa wakati na wapewe vifaa vya kutosha, ili kila mzee wa zaidi ya miaka 60 apimwe nyumbani kwake. Pili, kipimo cha mkojo kipatikane katika kila zahanati, na mwenye presha au kisukari apimwe mkojo na kreatinini ya damu angalau mara moja kwa mwaka. Tatu, wawepo wataalamu wa lishe wanaojua chakula chetu. Mzee wa Kongowea ukimpa karatasi yenye orodha ya vyakula asivyovijua, ataifungia karanga.

Kuna watakaoniambia kwamba ugonjwa ni qadari. Naamini qadari. Lakini pia tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza, kisha kutawakali. Na wengine watasema kwamba maskini hachagui chakula. Ni kweli kwa kiasi kikubwa, na ndiyo maana sikuandika juu ya nyama za bei wala mafuta ya kuagiza. Kupunguza chumvi hakuna gharama. Kutoa vijiko viwili vya sukari kwenye chai kunaokoa fedha. Kuroweka ng'onda usiku kucha na kumwaga maji yake, kisha kutotia chumvi nyengine, hakuna gharama. Ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili manga vyaleta ladha pale chumvi ilipoondoka.

Ugumu uko mahali pengine. Mzee mara nyingi hapiki. Hula kilicho kwenye sinia. Nyumbani kwa Ami tulijaribu mwanzo kumpikia peke yake, chungu chake kidogo pembeni, na akawa hagusi. Alisema, "Mimi si mtoto wala si mfungwa. Nyinyi mwala pilau, mimi mwanipa maji ya wali." Wiki nzima alikula vijiko vitatu vitatu. Mke wa mwanawe ndiye aliyeamua jambo ambalo sisi wanaume hatukulifikiria: chungu cha nyumba nzima kikawa na chumvi kidogo, na anayetaka zaidi aongeze mwenyewe mbali na sinia. Watoto walilalamika siku nne. Siku ya tano walinyamaza, na Ami akarudi kwenye sinia.

Mashine bado twaiendea Jumanne na Ijumaa, hilo halitarudi nyuma. Lakini mwezi uliopita mwanawe Ami mwenye miaka 46, aliyekuwa akicheka mambo haya, alikubali kupimwa na mhudumu wa afya aliyepita mtaani. Presha yake ilikuwa 160 kwa 100. Naye pia alikuwa haimsumbui.